Ugua Haraka, Dada Siwema

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shule na kazi ya kubandika picha za wanyama kwenye manila, na gundi ya dukani ikawa imetuishia. Nikamwambia asubiri, nitampikia. Akanitazama kama niliyesema nitampikia kiatu. Nikachukua vijiko viwili vya unga wa ngano, nikaukoroga kwenye maji baridi mpaka madonge yakaisha, nikauweka motoni na kuendelea kukoroga. Mliowahi kuipika mnajua inavyokuwa: mwanzoni ni maji meupe tu, halafu mwiko unaanza kuwa mzito na harufu ya mkate mbichi inapanda. Siku hiyo niliivumilia. Kilichonishinda ni siku ya tatu, nilipofunua kopo nimwage masalia, harufu ya gundi iliyolala ikanipiga usoni. Ilikuwa na uchachu, ukungu kidogo, na utamu fulani kwa mbali. Nilitoka nje, nikasimama kwenye karo la kufulia hapa kwangu Ukonga, nikajifanya nakamua tambara la deki. Nilikuwa nalia, na sikutaka mtoto aniulize.

Hiyo ni harufu ya dada yangu Siwema. Niwasimulie, maana nimeibeba habari hii muda mrefu na aliyepaswa kuisikia kwanza ameshaisikia.

Tulikaa Mtoni, Temeke, vyumba viwili na kibaraza: baba, mama, Dada Siwema na mimi, Kidawa, kitindamimba. Baba alifanya kazi ya kupakua mizigo kwenye yadi ya makontena Kurasini. Mara mojamoja kontena likifunguliwa vitu vinakutwa vimelowa maji ya bahari, mwenye mali anavikataa, na watu wa yadi wanagawana. Ndivyo tulivyopata sufuria zisizo na mifuniko, na mifuniko isiyo na sufuria. Na ndivyo siku moja baba alivyokuja na robota la karatasi begani, refu kunizidi mimi, la karatasi ile ya kufungia zawadi. Upande mmoja ulikuwa umelowa na kukauka, ukawa na mawimbi. Upande wa pili ulikuwa mzima, kwa bahati mbaya.

Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu ya maua yake. Ilikuwa na korosho, lile ua tunalolijua kwenye kanga, lenye tumbo nene na mkia uliojikunja. Baba ni mtu wa Newala, kwao mikorosho inaanzia mlangoni. Alikunjua robota lile sakafuni akacheka peke yake, akasema leo tumeletewa shamba nyumbani. Mimi nilichokiona ni viluwiluwi. Nilikuwa nimeviona kwenye pipa la maji la jirani vikicheza kwa tumbo na mkia vilevile, na sasa vimejaa sakafuni kwetu, vya kahawia, vinaogelea kwenye manjano ya kidonda kinachotaka kuiva. Niliichukia karatasi ile papo hapo, na mimi nikichukia kitu sikifichi.

Ikawa haina mwisho. Mama alitandika kwenye kabati la vyombo. Alibandika ukutani kuzuia vumbi la matofali. Tukalala na viluwiluwi, tukala na viluwiluwi, na shule zilipofunguliwa madaftari yangu yote yakajalidiwa viluwiluwi. Darasa la pili hawana huruma. Walisema daftari la Kidawa lina malaria, na aliyekaa nami dawati moja akawa analisukuma kwa ncha ya rula. Nililia nyumbani kwa siku mbili. Baba aliona nina dharau, akaninunia.

Aliyeipenda karatasi ile kwa dhati, mbali na baba, ni Dada Siwema. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwenye cheko la kupitia puani kama anayepiga chafya. Tangu zamani alitengeneza kadi. Idi ikikaribia alitengeneza za Idi, Krismasi ikikaribia akawatengenezea rafiki zake Wakristo, na wakati wa mitihani ya taifa zilikuwa kadi za saksesi, za kuwatakia watu wafaulu. Kabla ya robota alitumia makasha ya dawa ya meno na makaratasi ya sabuni. Sasa alikuwa na karatasi ya kutumia mpaka aolewe, kama mama alivyomtania.

Kibaraza kilikuwa karakana yake kila alasiri. Alikuwa na wembe aliouviringishia kitambaa nusu, na rula ya mbao, na kopo la maziwa lililojaa gundi ya unga. Alichomoa karatasi za katikati ya daftari, zile ambazo ukichomoa mwalimu hajui, akazikunja kwa ukucha wa dole gumba zikawa za ndani. Karatasi ya korosho ilikuwa ya nje. Kazi yangu ilikuwa kupaka gundi kwa kidole na kupeleka kadi chini ya godoro la baba zikanyooke. Gundi ikikaa siku tatu ilinuka kama nilivyowaambia, na mende waliipenda kuliko sisi. Kuna mtu wa Keko alipelekewa kadi ya Idi iliyoliwa pembe zote nne, akashukuru kwa ubunifu.

Nilimsumbua sana kuhusu ile karatasi. Nilimwambia aigeuze atumie mgongo wake, ambao ulikuwa mweupe. Akanionyesha kwamba mgongoni wino unachuruzika. Nikamwambia basi aikate vipande vidogo visionekane. Hapo ndipo aliponikalisha. Alikata korosho moja kwa wembe, akaiweka kichwa chini, akaichorea jicho, ikawa ndege amekunja shingo. Akakata tano akazipanga mikia ndani, zikawa ua. Mbili zikitazamana zilikuwa watu wanaamkiana.

"Karatasi nzuri hata mtoto anaitengenezea kadi," aliniambia. "Hii ndiyo inataka mtu. Wewe hujaiangalia tu."

Niliiangalia. Niliona viluwiluwi vitano vimepangwa duara. Lakini nilipenda kumwangalia yeye akikata, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo, na nilipenda kwamba kwenye kazi ile hapakuwa na mwingine ila sisi wawili. Alikuwa na sharti moja tu la kazi: maneno yaandikwe kwanza kwa penseli, yasomwe mara mbili kwa sauti, ndipo yapitiwe kwa kalamu ya wino. Alisema mtu anaweza kuisahau zawadi, lakini akipewa neno baya kwenye kadi halisahau.

Goti lilianza kumuuma kwenye netiboli. Kwanza ikaonekana kajipiga. Akachuliwa kwa mafuta, akafungwa kitambaa, akapewa vidonge. Lilivimba, likapungua, likavimba tena na kukataa kupungua. Akaacha kucheza, kisha akaacha kwenda shule, kisha akawa anakaa kibarazani mguu juu ya kigoda na wembe mkononi, anakata kadi za watu ambao wangefanya mitihani bila yeye. Watu wazima walikuwa na namna ya kunyamaza nikiingia. Nilikuja kujua jina la ugonjwa nikiwa mkubwa: saratani ya mfupa. Wakati ule mama akiulizwa alisema "mguu," na alikuwa akilitamka neno hilo kama jina la mtu aliyemkosea.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari yenyewe ilipo.

Wageni walikuja kila siku, na kila aliyekuja, akishakaa, akishaambiwa hali, akishatikisa kichwa, aliondoka kwa maneno mawili: "Ugua pole." Ugua pole, Siwema. Ugua pole, mwanangu. Mama Mwanne wa nyumba ya pili alikuja asubuhi na jioni, ugua pole mara mbili kwa siku. Na mimi, niliyekuwa na miaka minane na kichwa kigumu, nilianza kuyapima maneno hayo.

Msiniambie kwamba sikujua maana ya pole. Niliijua pole ya kujikwaa. Ile inasimama peke yake. Mtu anakwambia pole, unajifuta vumbi, yamekwisha. Hii ilikuwa imefungwa kwenye amri. Kula vizuri. Lala salama. Nenda polepole. Neno la pili linakuambia la kwanza ulifanyeje. Kwa hiyo mtu akimwambia dada yangu ugua pole, anamwamuru augue, tena augue taratibu, asiharakishe. Nilihesabu wageni. Watu wote wale wanamwomba achelewe, atapona lini? Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba anayefanya haraka ndiye anayemaliza kwanza na kwenda kucheza. Kwangu mimi ugonjwa ulikuwa kazi ya shule. Kuna mwanzo, kuna katikati, kuna mwisho, na mwisho wake ni kupona. Sikujua kwamba una mwisho mwingine.

Nilijaribu kumuuliza mama. Alikuwa akifua shuka, akaniambia, "Kidawa, mwanangu, siyo leo." Sikuuliza tena.

Dada alipolazwa kwenye hospitali kubwa, watoto wa umri wangu hawakuruhusiwa wodini. Mama alikwenda kila mchana na chupa ya uji, akarudi jioni na chupa tupu, na mwishomwisho akawa anarudi nayo imejaa. Alikuwa akipeleka salamu za mtaa mzima: fulani anasema ugua pole, fulani naye kasema ugua pole. Kichwani mwangu nilimwona dada yangu amelala kitandani anazipokea zote, na kwa vile alikuwa mtoto mwenye adabu, anazitii. Lazima mtu amwambie. Na kama siwezi kuingia, nitaandika kadi.

Nilitafuta karatasi nyingine, nawaapia. Nilipekua hata jaani. Sikutaka kumpelekea dada mgonjwa viluwiluwi. Nilipata kasha moja la sabuni lenye waridi, lakini lilikuwa limeloa mafuta ya taa. Mwisho nikalivuta robota kutoka uvunguni. Nilikaa mahali pake kibarazani, nikashika wembe wake, nikapika gundi mwenyewe ikawa na madonge. Nilikata korosho ya kwanza nikaigeuza kichwa chini iwe ndege. Haikuwa ndege. Nikakata ya pili nikajikata na kidole, damu ikadondokea kwenye manjano, na kusema kweli haikuonekana sana, karatasi ile ilikuwa na rangi ya kuficha kila kitu. Nilibandika viumbe wangu wanne mstari mmoja. Kisha nikaandika kwa penseli kama nilivyofunzwa, nikasoma mara mbili kwa sauti, nikapitisha wino.

Dada Siwema, usiwasikilize hao. UGUA HARAKA. Mdogo wako Kidawa.

Nilizungushia gundi pande zote asifungue mwingine. Mama alipokuwa anafunga kikapu nikampa. Aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia ni yangu na dada. Akaiweka kati ya chupa na kanga safi, akanishika kidevu, akaondoka. Nilishinda mlangoni siku hiyo. Alirudi wakati wenzangu wanaitwa kuoga, nikamkimbilia.

"Kasemaje?"

"Kafurahi," mama alisema. Akaingia ndani na kanga usoni.

Siku ya tatu yake nilitoka shule nikakuta viti vyetu vipo nje, na watu wanafunga turubai kwenye mwembe wa jirani na kwenye nguzo ya umeme. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani, na kabati la vyombo limesogezwa, ile karatasi iliyotandikwa juu yake inaning'inia. Hakuna aliyeniambia. Mtoto wa miaka minane anapita katikati ya watu kama paka. Nilisimama karibu na Mama Mwanne, aliyekuwa akimweleza mgeni mmoja, na ndiye niliyepata habari kwake, ingawa hakuwa akisema nami.

"Haraka, shoga yangu," alisema. "Juzi tu mama yake kasema kacheka. Siku tatu hizi hali ikageuka. Ilikuwa haraka, haraka mno."

Alilirudia neno hilo kwa kila aliyeingia. Naye hakuwa na kosa, alikuwa akisema alichokiona. Nilisimama pale na begi la shule mgongoni nikilisikia neno langu likipita mdomo kwa mdomo, wanawake wakilipokea na kutikisa vichwa. Dada alikuwa amenitii. Watu wazima wote walimwambia moja, mimi nikamwambia jingine, na kwa kuwa alinipenda kuliko wote alinisikiliza mimi.

Wanaume walipoondoka na jeneza kwenda makaburini, nililitoa robota uvunguni, nikaliburuta hadi uani na kulisimamisha ndani ya pipa la maji. Nililishindilia kwa mikono yote miwili. Rangi ilianza kutoka, kahawia kwanza, halafu manjano, maji yakawa ya mchuzi. Baba aliporudi alinikuta nimelowa hadi kifuani. Nilisubiri anipige, nilitaka anipige. Alinitoa pale, akanivua gauni, akanifuta kwa kanzu yake ya msibani, akasema, "Ulikuwa huipendi tangu mwanzo, siyo?" Akaenda akakaa na wenzake. Alikufa miaka mingi baadaye akiamini nilimaliza ile karatasi kwa sababu ya maua yake.

Kuanzia hapo nikawa mtoto wa taratibu. Mtacheka, na mnaweza kucheka, hata mimi siku hizi nacheka kidogo. Sikukimbia tena. Nilikula tonge moja kwa dakika, nilivaa viatu kama bibi harusi, na mwalimu akisema haraka mikono yangu iliganda. Walinipa jina la Bi Taratibu, na ripoti za shule ziliandika kwamba mwanafunzi huyu ana akili ila ni mzito. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa najizuia nisimuue mtu mwingine.

Darasa la sita mwalimu wa Kiswahili alitueleza, akipita tu, kwamba pole kwenye ugua pole ni ya upole: ugonjwa umwendee mtu kwa upole, usimtese. Wengine waliandika wakaendelea. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni nikakaa. Nilikuwa nimejidanganya kwamba angalau nilikuwa na hoja. Kumbe wageni wote wale walikuwa wakimwombea dada yangu asiumie, na aliyempinga ni mimi peke yangu, kwa wino, baada ya kusoma mara mbili.

Na kulikuwa na mama. Baada ya msiba aliacha kunitazama. Alinipikia, alinifulia, alinisuka nywele, lakini alisema nami huku anaangalia ukuta au sufuria. Nikimpa kitu anapokea kwa kutazama mkono wangu. Nilijua sababu. Ameisoma kadi. Anajua nilichokifanya, na kwa kuwa mimi ni mwanawe wa pekee aliyebaki hawezi kunifukuza. Nikaamua kuwa mtoto asiye na usumbufu. Sikuomba viatu, sikuomba nguo ya Idi. Sikuugua hata mafua bila kujificha. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, nikahamia Ukonga, nikawa nakwenda Mtoni kila Jumapili, nasema shikamoo mama, naye anasema marahaba na kuangalia kapu nililobeba.

Miaka miwili iliyopita, Jumapili moja, tulikwenda pamoja kumwona Mama Mwanne, presha ilikuwa imemlaza. Tulikaa, tukaelezwa, tukatikisa vichwa. Mama akamwambia ugua pole. Mimi nikasema Mungu akusaidie, kama ninavyosema siku zote. Tuliporudi mama alichukua ungo akaanza kuchagua mchele barazani, nami nikakaa mkabala naye. Bila kuinua macho akaniuliza.

"Wewe mbona huwezi kumwambia mtu ugua pole? Toka mdogo nakuona. Unazunguka, unatafuta maneno mengine."

Ningeweza kuzunguka tena. Sijui kwa nini sikuzunguka. Labda ni kwa sababu alikuwa ameniona, na kwa miaka yote ile nilidhani hanioni. Nikamwambia yote: wageni, polepole, mwalimu na kazi ya kumaliza kwanza, kadi, Mama Mwanne na neno lake. Nikamwambia, "Mama, mimi najua ulisoma. Najua kwa nini huniangalii."

Vidole vyake vilisimama kwenye mchele.

"Mie ndiye niliyemsomea," alisema. "Yeye mikono ilishakataa. Nikaibandua ile gundi yako, nikasoma, nikafika pale nikanyamaza. Akaniambia, 'Mama, malizia.' Nikamalizia. Akacheka, lile cheko lake la puani. Kitambo alikuwa hajacheka. Akasema, 'Kidawa peke yake ndiye kaniambia kitu cha maana. Nyie wote mnaniambia nichelewe.' Halafu akasema, 'Mama, nimechoka.'"

Aliokota chuya moja, akaitupa uani. Nilidhani amemaliza.

"Mie nilikuwa nikimwomba Mungu aniachie," akaendelea. "Kila swala. Aniachie, hata bila mguu, hata awe wa kulala tu, nimgeuze kama mtoto mchanga. Sikumuuliza mwenyewe anatakaje. Siku ile akanijibu. Basi alfajiri nikageuza dua. Nikasema, Mola wangu, kama ni wa kwenda, mpe haraka. Neno lako hilohilo. Kesho yake akaenda. Sasa wewe unaniambia ni wewe? Mie ndiye niliyemwombea mwanangu afe, Kidawa. Nilikuwa nikikutazama naona umejua. Umekuwa kimya, huniombi kitu, hunililii. Nikasema, huyu mtoto amenijua."

Nilitaka kumwambia kwamba saratani haina masikio, haikusikia kadi yangu wala dua yake, ilikuwa ikienda kwa mwendo wake. Ni kweli, na mtu yeyote angetuambia hivyo kama tungemuuliza. Hatukuuliza. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta mmoja katikati, tukaishi humo kila mmoja akimwogopa mwenzake, na kila mmoja akiichukua hofu ya mwenzake kuwa ni hukumu. Hilo ndilo linaloniuma hata leo kuliko kadi. Dada yangu tulimkosa wote wawili, hilo halikuwa na namna. Lakini mama nilikuwa naye, alikuwa palepale ananisuka nywele, na nikamkosa na yeye kwa miaka ishirini na saba.

Badala ya yote hayo nilimuuliza swali la kipuuzi, alikuwa na umri gani wakati ule. Alifikiri kidogo, akasema thelathini na tatu.

Mimi Jumapili ile nilikuwa na thelathini na tano. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nilimwona. Sikumwona mama, nilimwona msichana mdogo kwangu kwa miaka miwili, amekaa kwenye benchi la wodi na chupa ya uji iliyojaa, hana dada wala mtu wa kumuuliza afanye nini. Angekuwa leo ni jirani yangu ningemkimbilia. Ningemwambia si wewe, mdogo wangu, si wewe hata kidogo, mpaka aniamini.

Yule sikuweza kumfikia. Nikamvuta huyu aliyekuwepo, mzee, mwepesi kuliko nilivyomdhania, na mchele ukamwagika wote barazani. Alinishika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la pumba, akanitazama, akanitazama sana, akasema, "Kumbe umefanana na baba yako."